Mgongo wa Farasi Aliyebaki

Mume wangu alipofariki, waliokuja kutufariji waliuliza mambo mawili: shamba litaendeshwa na nani, na farasi atauzwa kwa nani. La kwanza lilikuwa na jibu hata kabla ya mazishi, kwa sababu ndugu yake mdogo analima upande wa pili wa ua na trekta tayari ilikuwa kwake. La pili halikuwa na jibu. Upande wetu wa Kitale hakuna mtu anayejua afanye nini na farasi. Ng'ombe hukamuliwa, punda huvuta mikokoteni ya maji kule Matisi, lakini farasi, kwa macho ya majirani zangu, ni mnyama wa kusimama na kula.

Mume wangu alimpata kutoka shamba moja kubwa upande wa Endebess, wakati wenyewe walipokuwa wakiuza vitu vyao na kuhama. Alikuwa farasi jike wa rangi ya hudhurungi, mpole, mwenye alama nyeupe ndogo kwenye paji la uso. Watu walicheka. Hawakujua kwamba mume wangu, tangu lori la mahindi lilipompindukia, hakuweza tena kulizunguka shamba lake kwa miguu. Mguu wake wa kulia ulipona ukiwa mfupi. Pikipiki ilimtikisa nyonga hadi akashindwa kulala. Juu ya farasi alikaa kama mzee wa kanisa kwenye kiti chake, akiangalia mahindi yake mstari kwa mstari, na akirudi nyumbani uso wake ulikuwa umetulia.

Mimi ni Mbukusu. Nilizaliwa karibu na Lugulu, kule Bungoma, na kwetu tulijua mafahali, si farasi. Ni yeye aliyenifundisha kupanda, nikiwa nimeshapita miaka hamsini. Alitembea kando yangu na fimbo yake, akiniambia nisivute hatamu kama mtu anayechota maji kisimani. Niliogopa sana mwanzoni. Baadaye nikapenda. Kutoka juu pale niliuona Mlima Elgon vizuri kuliko nilivyouona miaka yote niliyoishi chini yake.

Baada ya mazishi watoto walirudi walikotoka, mmoja Nairobi na mwingine Qatar. Watu wa mume wangu, ambao wazazi wao walikuja kukaa Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya, waliendelea kunitembelea kwa uaminifu. Waliniletea viazi na unga. Wakikaa sebuleni walianza kwa Kiswahili kwa ajili yangu, kisha mazungumzo yakinoga yaliteleza yakaenda kwenye Kikuyu. Zamani mume wangu alikuwa akiniinamia na kunitafsiria, hata vichekesho ambavyo havikuchekesha vikitafsiriwa. Sasa nilikaa nikishika kikombe, nikicheka wenzangu wanapocheka. Hawakuwa na nia mbaya. Walisahau tu kwamba hakuna mtu wa kuniinamia.

Kwa hiyo kila asubuhi nilimtandika farasi nikatoka. Nilipita kando ya ua hadi kwenye mto, nikapanda mwinuko wa upande wa pili, nikarudi kupitia barabara ya murram, ile isiyo na lami. Watoto wa shule walinipa jina la Mama Farasi. Nilizungumza naye Kibukusu njia nzima. Nilimwambia habari za nyumbani, nilimsimulia ndoto, na wakati mwingine nilimuuliza kama ananielewa. Sikio moja lilinigeukia, na hilo lilinitosha.

Mambo yalianza kubadilika wakati wa palizi. Nilipolileta tandiko alilaza masikio nyuma. Nilipokaza mkanda wa tumboni alijigeuza akanibana mkono wa sweta kwa meno. Hakuwahi kunifanyia hivyo. Nikimpanda, alitembea kwa hatua fupi, kama anayekanyaga changarawe, na mkia haukutulia.

Mfanyakazi wetu wa ng'ombe, mtu mzima kutoka miteremko ya Elgon ambaye alimwogopa farasi tangu siku ya kwanza, aliniambia, "Mama, hii farasi imeanza kiburi."

"Si kiburi," nikamjibu.

Alifikiri kidogo huku akisuuza ndoo. "Basi labda inakumbuka mzee."

Neno hilo nililipokea kwa mikono miwili. Nililala nalo na kuamka nalo. Nilijiambia kwamba katika boma zima tuko wawili tunaoomboleza bado, mimi na farasi, na kwamba yeye anaionyesha huzuni yake kwa sababu hana mgeni wa kumpikia chai. Nilimkumbatia shingo na kumwambia najua, najua. Kisha nikaweka tandiko mgongoni mwake na kukaza mkanda.

Asubuhi moja tulikuwa tunateremka kwenda mtoni. Katikati ya mteremko nilihisi mgongo wake ukizama chini yangu, kama kitanda cha kamba kilicholegea. Alisimama. Nilimgusa kwa visigino, hakwenda. Nilimbembeleza, hakwenda. Alikuwa anatetemeka. Nikashuka, nikamwongoza kwa miguu kurudi nyumbani, na mtu mmoja wa bodaboda aliyekuwa akipita akapunguza mwendo na kuuliza, "Mama, imeishiwa mafuta?" Nilitabasamu kwa adabu.

Nyumbani nilivua tandiko na kuweka kiganja changu kwenye mgongo wake, pale nilipokuwa nimekaa. Ngozi ilirukaruka. Nikabonyeza kidogo kwa vidole, na farasi yule mkubwa akajikunja kwenda chini, akakimbia kidole changu, kisha akageuza kichwa akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alisubiri tu aone kama nitamgusa tena.

Shemeji yangu alikuja jioni ile. Alisimama nje ya ua, mikono nyuma, akimtazama mnyama.

"Shemeji," akasema, "usijichoshe. Tumuuze. Kuna watu wa Eldoret wanatafuta farasi wa kupigia picha za harusi."

"Watampandisha bibi harusi juu ya mgongo unaouma?"

Ni mtu mwema, na kaka yake alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu. Alisema, "Mimi nakuhurumia wewe tu. Uko peke yako huku na mnyama ambaye hatujui magonjwa yake."

Daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wetu alikuja, akamzunguka farasi mara moja, akasema bila kuona haya kwamba yeye ni wa ng'ombe na asingependa kumharibu. Alinipa nambari ya mwenzake, mwanamke aliyewahi kufanya kazi kwenye mazizi ya farasi wa mashindano kule Nairobi na sasa alikuwa akizunguka mashamba ya Uasin Gishu na Trans-Nzoia. Alifika baada ya siku chache, kwenye pikapu iliyojaa matope. Alikuwa na umri wa binti yangu. Aliniamkia, "Shikamoo mama," akanawa mikono.

Kwanza aliangalia kwato, halafu meno. Aliniomba nimtembeze farasi kwenye ardhi ngumu, twende na kurudi, kisha nikimbie naye polepole, nami nikakimbia na gauni langu na gambuti, nikihema. Ndipo alipopitisha vidole viwili kando ya uti wa mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni, kushoto, kisha kulia. Upande wa kushoto farasi alijikunja kabla hata kidole hakijafika.

"Lete tandiko," akasema.

Nililileta. Lilikuwa limeng'aa, kwa sababu nililipaka mafuta kila Jumamosi. Ngozi yake ilinuka mume wangu, au mimi nilijisadikisha hivyo. Daktari aliliweka juu ya mgongo bila blanketi na bila mkanda, akaenda kusimama nyuma ya farasi, mbali kidogo, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainamisha kichwa.

"Mama, njoo uone."

Nilipanda juu ya ndoo. Tandiko lililalia kushoto. Nilikuwa nimelikalia asubuhi zote zile na sikuwa nimeliona kutoka nyuma hata mara moja.

"Nani alikuwa anampanda kabla yako?"

"Baba watoto."

"Alikuwa na shida ya mguu? Au nyonga?"

Nilimwambia habari za lori. Alitikisa kichwa taratibu. Aligeuza tandiko juu chini na kunishikisha mito miwili ya sufi iliyo ndani, ile inayolala mgongoni. Wa kulia ulikuwa bado laini. Wa kushoto ulikuwa umeshindiliwa ukawa mgumu kama tofali. Kisha akashika mbele na nyuma ya tandiko, akalikunja kidogo, na kitu fulani ndani kikalia. Ubao wa ndani unaolipa tandiko umbo lake ulikuwa umepasuka.

"Huyu mnyama amebeba mtu aliyeegemea upande mmoja kwa miaka," akasema. "Alipokuwa na nguvu aliweza. Halafu alikaa bila kazi wakati mzee anaugua, nyama ya mgongo ikapungua. Wewe ulipoanza kumpanda, tandiko likawa linakaa kwenye mfupa. Hata kama ungekaa katikati, lingekuvuta kushoto."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo si huzuni?"

Alinitazama, akapunguza sauti. "Huzuni inaweza kuwa iko. Lakini huzuni haivimbi hapa, mama."

Alipoondoka nililichukua tandiko nikalipeleka stoo ya mahindi, nikaliweka juu ya magunia. Nilikaa nalo huko kwa muda. Nguo zake tulikuwa tumeshagawa. Viatu vyake, kimoja chenye soli nene kuliko kingine, alichukua binamu yake akaenda kuzikata soli. Kitu pekee nyumbani kilichokuwa bado na umbo la mwili wa mume wangu kilikuwa hicho, na ndicho kilichokuwa kikimuumiza farasi. Sikuwa na mtu wa kumwambia jambo kama hilo. Kijana wangu wa Qatar alipopiga simu Jumapili nilimwambia tandiko limeharibika, naye akasema pole, tutatafuta lingine.

Matibabu yalikuwa ya polepole. Daktari aliacha dawa ya unga ya kuchanganya kwenye chakula, ya kupunguza uvimbe, na fundi wa kwato akaja kumkata kwato zilizorefuka mbele. Baada ya hapo kazi ilikuwa yangu. Nilichemsha maji, nikachovya taulo, nikalikamua na kulilaza mgongoni mwake hadi lipoe. Nilijifunza kumkuna katikati ya tumbo kwa ncha za vidole, naye akawa anainua mgongo juu mwenyewe, kama paka, akaushikilia kidogo, akaushusha. Nilimletea karoti kutoka soko la Kitale, nikamshikia ubavuni ili akunje shingo kuifuata, upande huu na upande ule. Upande wa kushoto mwanzoni hakuifikia. Aliitazama karoti kwa hamu, akaikatia tamaa, nami nikamsogezea.

Na tulitembea. Daktari alisema matembezi ya mkononi, bila kumpanda, kwenye mwinuko, na kuvuka nguzo nilizozilaza chini ili anyanyue miguu. Kumbe kutembea mbele ya farasi si sawa na kuwa juu yake. Ukiwa mbele humwoni. Unasikia tu kwato na pumzi. Niliendelea kumsemesha Kibukusu, lakini sikuweza kuona sikio likinigeukia, na baada ya muda nikanyamaza. Mahindi yalikuwa yamenipita kimo. Tulitembea kati ya kuta mbili za kijani, mimi na kamba mkononi, na ilipita wiki nzima bila mtu kuniita kwa chochote isipokuwa mfanyakazi aliyeniuliza kama maziwa yaende sasa au yasubiri.

Dada yangu alinipigia kutoka Lugulu. Naye ni mjane, lakini nyumba yake imejaa wajukuu.

"Pasi wewe unakaa huko kufanya nini?" akasema. Yeye bado anasema pasi badala ya basi. Mimi pia nilisema hivyo hadi nilipoolewa na mashemeji wakanicheka. "Si uje tu. Hapa kuna kitanda."

Nilienda. Nilikaa siku chache. Walinichinjia kuku, wajukuu walilala wakinikanyaga tumbo kwa visigino vyao, na mezani walisimulia habari za watu nisiowajua: nani ameokoka, nani amefukuzwa na mwalimu mkuu, nani amejenga. Niliielewa kila silabi. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Hata hivyo nilikaa pale nikishika kikombe kama ninavyokaa kwangu, kwa sababu nilikuwa nimeondoka Bungoma muda mrefu mno na habari zao zilikuwa zimeendelea bila mimi.

"Unawaza farasi," dada akaniambia.

"Hakuna wa kumtembeza. Mfanyakazi anamwogopa."

"Haya. Enda pasi kwa farasi yako." Hakukasirika. Alinifungia ndizi na kuku mwingine mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

Daktari aliporudi, uvimbe ulikuwa umekwisha. Alibonyeza kushoto, na farasi akatikisa ngozi tu, kama anayefukuza nzi. Nilifurahi nikadhani tumemaliza. Lakini yeye alikuwa ameona kitu kingine. Aliutazama ua, njia iliyochimbika kando yake ambapo farasi alikuwa akienda na kurudi, akienda na kurudi.

"Anaishi na nani?" akaniuliza.

"Na mimi."

"Namaanisha farasi mwingine."

"Hakuna."

"Unamwona akilala? Kulala chini kabisa, ubavu?"

Nilifikiri. Sikuwahi kumwona, tangu mume wangu augue. Zamani kulikuwa na farasi dume mzee aliyekuja naye kutoka Endebess. Alikufa kabla ya mume wangu.

"Farasi aliye peke yake halali chini vizuri," akasema daktari. "Hana wa kumlinda. Basi anasimama tu, usiku na mchana, amekaza mwili. Huo mgongo utapumzika saa ngapi? Mtafutie mwenzake. Hata punda."

Nilisema, "Mimi niko naye kila siku."

"Najua, mama," akasema. Akaanza kufunga mkoba wake.

Shemeji ndiye aliyempata punda. Sikutarajia. Alikwenda Matisi akazungumza na mwenye mkokoteni wa maji, akarudi jioni na punda jike mzee kwenye gari la kubebea mahindi, ana makovu ya nira mabegani na sikio moja limekatika ncha. "Ati huyu amestaafu," akasema shemeji, akacheka kidogo, nami nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu msiba.

Siku ya kwanza farasi alikoroma na kukimbia kona ya mbali. Siku iliyofuata walisimama pande mbili za karai la maji. Kabla wiki haijaisha niliwakuta wamesimama ubavu kwa ubavu, mmoja ameangalia mashariki na mwingine magharibi, punda akimkuna farasi kwa meno pale juu ya mabega, karibu na mahali nilipokuwa nikiweka taulo langu la moto. Farasi alikuwa amerefusha mdomo wa juu na kufumba macho. Nilisimama na ndoo yangu. Hawakuniona.

Halafu asubuhi moja yenye jua nilimwona amelala chini, ubavu mzima kwenye nyasi, miguu imenyooka, hata nikadhani amekufa. Nilikimbia. Punda alikuwa amesimama karibu yake, masikio juu, na aliponiona hakutishika. Farasi aliinua kichwa, akanitazama, akakirudisha chini.

Daktari alinipatia tandiko la mitumba, akalipima mgongoni kwa mikono yake, akafungua mishono na kupunguza sufi hapa na kuongeza pale. Nilimpanda tena. Nilihisi mgongo wake ukija juu kunipokea, hai na laini, ukiyumba sawasawa kulia na kushoto. Sikujua kwamba farasi anaweza kuwa hivyo. Katika miaka yote sikuwahi kumpanda farasi yule akiwa mzima.

Lakini tulipofika mtoni alisimama na kuita. Aliita kwa mwili wote, nilihisi mbavu zake zikitetemeka chini ya magoti yangu. Kutoka nyumbani punda akajibu kwa sauti ile yake ya msumeno. Nilijaribu kumchukua punda atufuate, na watu wa barabarani wakafurahi sana, ila njiani aliingia kwenye maharagwe ya jirani. Kwa hiyo nikawa namwacha, na farasi akawa anaenda huku amegeuza kichwa. Alinitii. Daktari alisema angezoea nikivumilia. Nilimpanda mara kadhaa zaidi, nikiwa juu ya mgongo mzima usiouma, nikizungumza na masikio yaliyokuwa yakisikiliza upande mwingine. Kisha siku moja sikumtandika, wala siku iliyofuata.

Sasa ninawapelekea chakula asubuhi. Farasi amenenepa, mgongo umejaa hadi mfereji wa katikati unakusanya maji ya mvua. Ninampitishia mkono mgongoni, kushoto na kulia, hasogei. Ninafurahi kweli. Nikimaliza kujaza karai huwa sina sababu ya kuendelea kusimama pale, na bado husimama.

Msimu huu shemeji aliniuliza kama nitakagua palizi, kazi ya kaka yake zamani, nikasema nitakagua. Nilikwenda kwa miguu. Shamba ni kubwa ukilitembea. Katikati yake niliwakuta wanawake wa kibarua wamepumzika kwenye kivuli cha mgrivelia, na mmoja aliyenisikia nikisalimu akanijibu kwa Kibukusu. Anatoka Kimilili. Waliniona miaka yote nikipita huko juu ya farasi, akasema, wakadhani mimi ni Mkikuyu. Walinisogezea gunia nikae, wakanimiminia chai ya thermos kwenye kifuniko, wakanimegea kiazi kitamu. Tuliongea kuhusu mvua, na kuhusu mama mmoja wa kwao ninayemkumbuka, ambaye kumbe alishakufa. Kisha wakachukua majembe yao wakarudi kwenye mistari. Nami nikainuka, nikakung'uta gauni, nikaendelea na ukaguzi hadi mwisho wa shamba, ambako palizi ilikuwa haijafika na hapakuwa na mtu.